Chakula cha Mtu wa Jembe
Somo kwa wakulima wa Muze na wa nyanda za juu za Ufipa

1. Sababu ya somo hili

Mkulima hodari huutazama udongo wake kabla ya kupanda. Huuliza: Udongo huu umechoka? Wataka samadi? Wazee wa Ufipa walijua jambo hili zamani sana, ndiyo maana walifukia nyasi ndani ya matuta ya mviringo yaitwayo ntumba, zikaoza, na udongo ukapata nguvu ya kuzaa tena. Walifahamu ya kuwa ardhi isiyolishwa haitoi kitu. Mwili wa mtu nao ni vivyo hivyo. Usipolishwa ipasavyo hautoi kazi, wala haukui.

Mkoa wa Rukwa ni mojawapo ya maghala ya nafaka ya Tanzania. Mahindi ya Ufipa husafirishwa kwenda miji ya mbali, na huku Muze, chini ya ukingo wa milima, mpunga hustawi, na samaki wa Ziwa Rukwa hawako mbali. Hata hivyo uchunguzi wa afya uliofanywa nchini mwaka 2015-16 ulionyesha kwamba katika kila watoto 100 wa Rukwa walio chini ya miaka 5, watoto 56 walikuwa wamedumaa, yaani kimo chao kilikuwa pungufu ya umri wao. Hapana mkoa uliozidi Rukwa kwa hesabu hiyo. Katika nchi nzima walikuwa 34. Uchunguzi wa mwaka 2022 ulikuta hali imepungua kidogo tu: Rukwa karibu 50, nchi nzima 30.

Yatupasa kuuliza: Yawezekanaje ghala lijae na mtoto adumae? Jibu ni kwamba shibe na lishe ni mambo mawili. Tumbo hujazwa na chochote. Mwili hujengwa na vyakula vya namna mbalimbali.

2. Kazi tatu za chakula

Wazee wetu wa Ufipa waliyeyusha chuma katika matanuru marefu ya udongo. Tanuru lilihitaji makaa ili moto uwake. Lilihitaji udongo wa kulijenga na kuziba nyufa. Tena lilihitaji mtu wa kuangalia moto na hewa, isije kazi ikaharibika. Chakula nacho kina kazi tatu namna hiyo.

Kwanza, vyakula vya nguvu. Hivi ndivyo makaa ya mwili. Ni wanga wa mahindi, ulezi, mchele, mtama, muhogo na viazi vitamu, na sukari ya asali na matunda. Mafuta pia ni ya nguvu: ya karanga, alizeti, ufuta na ya wanyama.

Pili, vyakula vya kujenga mwili, viitwavyo protini. Ni maharagwe, kunde, karanga, samaki, nyama, mayai na maziwa. Mtoto hukua kwavyo. Mtu mzima huponya jeraha na kutengeneza misuli iliyochakaa kwavyo.

Tatu, vyakula vya kulinda, vyenye vitamini na madini. Ni majani ya maboga, ya kunde na ya viazi, mchicha, kisamvu, maembe, mapapai, mapera na malimau. Havitii nguvu nyingi, lakini pasipo hivyo vyakula vingine havifanyi kazi yake sawasawa.

3. Kuipima nguvu

Wataalamu huipima nguvu ya chakula kwa kipimo kiitwacho kalori. Kalori moja ya chakula ni joto litoshalo kuipasha lita moja ya maji kwa daraja moja. Gramu moja ya wanga hutoa kalori 4. Gramu moja ya protini hutoa 4. Gramu moja ya mafuta hutoa 9, yaani zaidi ya maradufu. Ndiyo sababu kijiko cha karanga zilizosagwa, ingawa ni kidogo, hutenda kazi kubwa katika bakuli la mtoto.

Na tujaribu hesabu. Ziwa Rukwa liko kama mita 800 juu ya bahari. Mji wa Sumbawanga wapita mita 1,700. Tuseme mtu wa kilo 60 apanda kwa miguu kutoka bonde la Muze mpaka juu, kimo cha mita 900. Misuli ya mtu hugeuza robo moja tu ya nguvu ya chakula kuwa kazi. Iliyobaki hutoka kama joto na jasho. Basi kupanda huko peke yake hutumia kama kalori 500, nazo ni sawa na gramu 140 za unga wa mahindi. Akijitwika mzigo wa kilo 20, hutumia kama kalori 670. Na kulima kwa jembe kutwa nzima hakupungui ugumu wa mlima.

Mwanamume alimaye kwa nguvu huhitaji kiasi cha kalori 3,200 kwa siku. Aweza kuzipata hivi:

Unga wa dona, gramu 600: kalori 2,130.
Maharagwe makavu, gramu 150: kalori 510.
Karanga, gramu 60: kalori 340.
Mafuta ya alizeti, gramu 20: kalori 180.
Mboga za majani, kiasi cha viganja viwili vilivyopikwa: kalori 50.

Jumla ni kalori 3,210. Hakuna kitu hapo kisichoota katika wilaya yetu.

4. Ugali na maharagwe ni ndugu

Wengine hudharau maharagwe wakisema ni chakula cha shule. Wanakosea. Protini ya mahindi ina upungufu: vipande fulani ambavyo mwili wavihitaji kwa kujijenga ni haba ndani yake. Maharagwe yanavyo vipande hivyo kwa wingi, na kile kilicho haba katika maharagwe kimo katika mahindi. Vikiliwa siku moja vyasaidiana, hata protini yake yakaribia kuwa njema kama ya nyama. Kwa hiyo anayeuza maharagwe yote ili kununua kilo moja ya nyama siku ya sikukuu amefanya biashara mbaya.

Aliye Muze ana baraka nyingine, nayo ni samaki. Samaki mkavu aliyetwangwa akawa unga hukaa siku nyingi, na kijiko kimoja chatosha kutiwa katika uji wa mtoto. Yafaa asiuzwe wote kwa wachuuzi wa barabara ya Ntendo. Sehemu ya nyumbani itengwe kwanza.

5. Usiitupe ngozi ya nafaka

Miaka ya 1890 daktari Mholanzi, Christiaan Eijkman, alikuwa katika kisiwa cha Java. Aliona kuku waliolishwa mchele mweupe uliokobolewa sana wakidhoofika miguu, mfano wa watu wenye ugonjwa wa beriberi. Walipolishwa mchele wenye ngozi yake, walipona. Baadaye ilijulikana kwamba katika ngozi ile mna vitamini, na mwaka 1929 Eijkman alipewa tuzo ya Nobel.

Fundisho hili ni letu pia. Sembe nyeupe yapendeza macho, lakini kiini na ngozi ya hindi, vyenye mafuta na vitamini, vimebaki mashineni vikawa chakula cha nguruwe. Mwenye nyumba alipia kukobolewa, kisha akapata kilo pungufu na lishe pungufu. Dona ni bora. Na mchele wa Muze usikobolewe mno.

6. Saa za kula wakati wa kilimo

Mwili huweka akiba ya wanga katika ini na misuli, kiasi cha gramu 500 kwa mtu mzima aliyekula vizuri. Akiba ya ini hupungua sana usiku kucha mtu alalapo. Basi aendaye shambani alfajiri bila kula, akalima mpaka alasiri, asishangae akiona kizunguzungu na mikono ikilegea. Si uvivu huo, ni upungufu wa makaa.

Desturi njema ni hii:

(a) Kabla ya kutoka, ule kitu: uji mzito wa ulezi, viazi vilivyochemshwa, au kiporo kilichopashwa moto vizuri.

(b) Chukua shambani mahindi ya kuchoma, viazi au karanga, ule jua likipanda.

(c) Kunywa maji safi mara kwa mara. Katika joto la bonde mtu aweza kutoa jasho la lita moja kwa saa moja ya kazi ngumu. Usingoje kiu kali.

(d) Jioni ndipo ule mlo kamili: ugali, maharagwe au samaki, na mboga. Kamulia limau juu ya mboga, au ule embe au pera, kwa maana vitamini iliyomo husaidia mwili kupokea madini ya chuma yatiayo damu. Chai isinywewe pamoja na chakula. Huyazuia madini hayo.

(e) Chumvi iwe ile yenye madini joto, ili kuzuia rovu. Nchi za milima zilizo mbali na bahari mara nyingi hupungukiwa na madini hayo.

Pombe si chakula cha kazi. Ina kalori, lakini haijengi mwili, nayo huongeza kupotea kwa maji. Tena debe la ulezi liingialo katika chungu cha pombe limetoka katika bakuli la mtoto.

Yafaa waume wakumbuke jambo moja zaidi. Mwanamke hulima, huteka maji, hutwanga, hupika, na mara nyingi ana mimba au ananyonyesha. Hesabu ya kalori haimsamehe. Akipewa chakula cha mwisho kilichobaki chunguni, mtoto aliye tumboni ndiye alipaye deni. Mimba na miaka 2 ya kwanza ndiyo majira ya kudumaa au kukua. Yakipita, ni vigumu mno kurudisha kimo kilichopotea. Naye mtoto aliyedumaa mara nyingi hupata shida katika masomo, na akikua nguvu zake za kazi huwa pungufu.

7. Uji wa mtoto

Mtoto anyonyeshwe maziwa ya mama peke yake miezi 6 ya kwanza. Kisha apewe chakula pamoja na kunyonya mpaka miaka 2 au zaidi. Mtoto aliyetimiza mwaka mmoja, akiwa bado ananyonya, huhitaji kama kalori 550 kwa siku kutoka katika chakula. Uji mwepesi wa unga na maji una kalori kama 60 tu katika kikombe cha mililita 250. Ili kuzipata 550 ingempasa anywe vikombe 9. Tumbo lake dogo haliwezi. Hushiba maji akabaki na njaa.

Sasa uji uwe mzito maradufu, utiwe na kijiko cha karanga zilizosagwa laini. Kikombe kile kile kitakuwa na kalori kama 220, na vikombe 3 vyatosha.

Kama uji mzito wamshinda mtoto kumeza, tumia kimea, ambacho mama zetu wakijua kwa kazi ya pombe. Loweka ulezi usiku mmoja, uufunike mpaka uchipue, uukaushe juani, uuoshe na kuondoa vichipukizi, kisha uusage. Uji ukisha kuiva na kupoa kidogo, tia kijiko kidogo cha unga wa kimea, ukoroge. Uji utalainika mbele ya macho yako bila kuongezwa maji, kwa sababu kimea hukatakata wanga. Kisha uuchemshe tena kidogo kabla ya kumpa mtoto. Tena ulezi una chokaa ya mifupa kupita mahindi kwa mbali.

8. Hesabu ya ghala

Jambo lote huamuliwa siku za mavuno, mnunuzi asimamapo mlangoni na fedha mkononi. Mwenye nyumba afanye hesabu yake kabla hajaja.

Nyumba ya baba, mama na watoto 4 hula kama kilo 2.3 za nafaka kwa siku. Kwa mwaka ni kilo 840, yaani magunia 8 na nusu ya kilo 100. Weka 9, kwa ajili ya wadudu na wageni. Maharagwe, magunia 2. Karanga zilizobanguliwa, karibu kilo 90. Hiyo ndiyo sehemu ya nyumba. Ziada ndiyo ya soko. Auzaye yote mwezi wa Julai kwa bei ndogo hununua mwezi wa Januari kwa bei kubwa, wakati ule ule ambapo jembe lataka nguvu zake zote. Akiba haiozi.

Lakini iwekwe kavu. Nafaka na karanga zenye ukungu zina sumukuvu. Mwaka 2016 sumu hiyo iliua watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara. Kupika hakuiondoi. Anika juu ya turubai, si juu ya ardhi tupu, na karanga zenye ukungu zitupwe, wala asipewe mtoto.

9. Maswali

1. Kwa nini mtoto aweza kudumaa katika nyumba yenye mahindi tele?
2. Taja vyakula viwili vya nguvu, viwili vya kujenga na viwili vya kulinda vipatikanavyo kwenu.
3. Kwa nini yafaa ugali na maharagwe viliwe pamoja?
4. Eleza jinsi ya kutengeneza kimea na kukitumia katika uji.
5. Hesabu watu wa nyumba yako. Magunia mangapi ya mahindi na ya maharagwe yakupasa kuweka kabla ya kuuza?

Swali la tano lisijibiwe na baba peke yake. Na aketi na mama wa watoto, wahesabu pamoja, ghala likiwa bado limejaa.