Aibu Si Yake: Haki za Mfanyakazi Anayesumbuliwa Kazini



Vijana wetu wengi hushuka kutoka Suji kwenda kutafuta kazi Makanya, Same, Moshi na hata Dar es Salaam. Mara nyingine binti hurudi nyumbani ghafla, nasi tunamwuliza, "Umekosa nini huko?" Akinyamaza, twadhani amekosa kweli. Katika somo hili na tujifunze swali jingine: "Je, yuko mtu aliyekusumbua?"

Jambo hili si geni. Yusufu alikuwa mtumishi nyumbani kwa Potifa. Alipomkataa mke wa bwana wake alisingiziwa, akafungwa. Hakuwa na mahali pa kushtaki. Mfanyakazi wa leo, mwanamume au mwanamke, anapo mahali. Yatupasa kupajua.

Sheria yasemaje?

1. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 yahesabu unyanyasaji wa mfanyakazi kuwa ni ubaguzi, nayo yaukataza. Mtumishi wa nyumbani naye analindwa.

2. Tangu mwaka 1998, kumnyanyasa mtu kijinsia, hata kwa maneno tu, ni kosa la jinai. Mkubwa wa kazi anayemtaka mtu asiyependa ametajwa humo.

3. Sheria ya kupambana na rushwa ya mwaka 2007 yamkataza mwenye madaraka kudai ngono ndipo atoe kazi, cheo au haki yo yote. Hiyo ndiyo rushwa ya ngono.

Afanye nini?

Kwanza, aandike siku, saa, mahali na maneno yaliyosemwa. Asifute ujumbe wa simu. Amweleze mtu anayemwamini.

Pili, apeleke malalamiko kwa mwajiri kwa maandishi, abaki na nakala. Kama yumo katika chama cha wafanyakazi, akitumie.

Tatu, kosa la jinai alipeleke polisi, kwenye dawati la jinsia na watoto. Rushwa ya ngono aipeleke TAKUKURU. Simu yao ni 113.

Nne, aende Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA. Aliyeachishwa kazi ana siku 30 za kufungua shauri. Migogoro mingine ni siku 60. Aliyechelewa huomba kuongezewa muda, lakini lazima atoe sababu nzito.

Tena, asiharakishe kuacha kazi kabla ya kupata ushauri. Lakini ikiwa ameshaacha kwa sababu ya kunyanyaswa, asidhani yamekwisha. Kanuni za mwaka 2007 zataja unyanyasaji wa kijinsia, na mwajiri kushindwa kumlinda mfanyakazi, kuwa sababu ya kumhesabu kama aliyelazimishwa kuacha. Basi aweza kudai kama aliyeachishwa, na zile siku 30 zinamhusu.

Ndugu, hapa ndipo sisi wazazi na wazee tunapokosea. Twasema, "Vumilia, mwanangu, usituletee aibu." Mwezi unapita, na mlango unafungwa mbele yake. Aibu ni ya aliyetenda, si ya aliyetendwa. Tumsikilize siku ile ile, tumpe nauli, na mmoja wetu afuatane naye.

Maswali ya kujadiliana:

1. Binti akirudi leo, nani katika jumuiya yetu ataweza kumwambia?

2. Sisi tulioajiri watumishi nyumbani, je, wako salama kwetu?