SOMO LA WAZAZI NA WALEZI: BUSTANI YA MTOTO NYUMA YA NYUMBA



Somo la mwezi huu linawahusu wazazi, akina babu na bibi, na walezi wote walio na mtoto mdogo nyumbani, tuseme wa miaka mitatu hadi saba. Tutatazama jambo dogo: bustani ya mboga nyuma ya nyumba, na furaha ipatikanayo mtu mzima anapoilima pamoja na mtoto.

Pengine mtasema, "Hilo nalo ni somo? Sisi sote hapa Dodoma ni wakulima, na watoto wetu wamezaliwa shambani." Ni kweli. Lakini kuzaliwa shambani ni jambo moja, na kuupenda udongo ni jambo jingine. Nasema hivyo kwa sababu mimi mwenyewe nimewahi kumfundisha mtoto auchukie.

1. Jembe si fimbo

Mwanangu wa kwanza alipokuwa mdogo, kosa lo lote alilofanya nililipa kwa jembe. Akichelewa kurudi kutoka dukani, tuta moja. Akipigana na mwenzake, matuta mawili. Na siku zile chache alipokuja kwa hiari yake kunisaidia, nilimfuata nyuma nikinyosha mistari yake iliyopinda, na kuing'oa miche aliyoipanda ili niipande upya. Nilidhani namfundisha kazi. Kumbe nilikuwa namwambia mambo mawili: kwamba kulima ni adhabu, na kwamba kazi ya mikono yake haifai.

Alikua, akaenda mjini, akapata kazi. Ni mtu mwema na ananitunza. Lakini kila alipokuja likizo alipita penye shamba langu haraka haraka, kama mtu apitaye mbele ya jela aliyowahi kufungwa.

Wala kosa hili si langu peke yangu. Mwaka 1967 Mwalimu Nyerere, katika Elimu ya Kujitegemea, alitaka shule ziwe na mashamba yake, ili wanafunzi wajifunze kwa kutenda na wasidharau kazi ya mikono. Lakini wengi wetu tunakumbuka pia kwamba mwanafunzi aliyechelewa au aliyepiga kelele darasani ndiye aliyepewa jembe. Mdomo ulisifu kilimo, na mkono ukakifanya kiboko. Mtoto husadiki zaidi kile kinachofanywa na mkono.

Basi hili liwe la kwanza. Ukitaka kulima bustani na mtoto, usimpeleke huko siku aliyokosa. Ukitaka kumrudi, mrudi kwa njia nyingine.

2. Kipande kiwe chake kweli

Mjukuu wangu alipokuja kukaa nasi alikuwa na miaka minne. Nilimpa kipande cha ardhi karibu na bafu, chenye ukubwa wa mkeka mmoja. Nilimwambia, "Hapa ni pako. Babu hatapanda kitu hapa mpaka umwambie." Alilitazama lile eneo kama mtu aliyepewa kijiji.

Fikira hii si ngeni. Friedrich Froebel, mwalimu wa Ujerumani, alifungua shule ya watoto wadogo, na mwaka 1840 akaipa jina ambalo maana yake ni "bustani ya watoto". Naye hakukusudia jina tu. Alitaka kila mtoto awe na kipande chake mwenyewe cha kulima, kando ya vipande vya wote. Mtoto akiwa na chake huona matokeo ya kazi yake: akimwagilia huona, na akisahau huona pia.

Kipande kiwe kidogo. Hatua mbili kwa moja zatosha. Kiwe karibu na nyumba, mahali unapopita kila siku, na mahali pa jua. Katika nchi kavu kama yetu, ambako mvua huanza karibu na Desemba na kwisha karibu na Aprili, ni vizuri kulima tuta la kuzama badala ya tuta la kuinuka: chimba chini kidogo, na udongo utokao uufanye ukingo pande zote. Maji hukaa ndani yasikimbie. Changanya samadi iliyooza vizuri. Samadi mbichi huunguza mimea, tena ina vijidudu. Kisha zungushia miiba au mabua ya mtama, kwa maana kuku hajui kwamba bustani ni ya mtoto.

Na mistari ya mtoto ikipinda, iache ilivyo. Mchicha hauangalii kama mstari umenyoka.

3. Mbegu za kuanzia

Mtoto hawezi kungoja muda mrefu, kwa hiyo chagua mimea mitatu: wa haraka, wa wastani, na wa polepole.

(a) Mchicha. Huota kwa muda wa siku tatu hadi tano ukipata unyevu, na baada ya wiki tatu au nne huliwa. Mbegu zake ni ndogo mno kwa vidole vya mtoto, basi zichanganye na mchanga mkavu, naye ainyunyize kama chumvi katika mfereji usio na kina. Funika kwa udongo kidogo tu, na nyasi kavu juu. Miche ikitokeza, ondoa nyasi.

(b) Kunde. Mbegu zake ni kubwa kiasi cha kushikika, na mtoto anaweza kuzihesabu: mbili kila shimo, kina cha vidole viwili vilivyolala, na shubiri moja kati ya shimo na shimo. Majani yake ni mboga, na baadaye huja maganda. Mwisho, mmea ukinyauka, ung'oe pamoja na mtoto mtazame mizizi. Mtaona vinundu vidogo kama shanga. Ndani yake wanaishi viumbe wadogo wasioonekana kwa macho, ambao huchukua naitrojeni ya hewani na kuifanya chakula cha mmea. Ndiyo maana wazee walipenda kuchanganya kunde na mtama.

(c) Boga. Lipande pembeni kwa ua, katika shimo lililojaa samadi, maana hutambaa mbali. Litachukua miezi mitatu au minne. Lakini njiani lina mafunzo mengi. Maua ya kwanza huwa ni madume, nayo huanguka bila kuzaa. Mtoto atasikitika. Mwambie angoje. Baadaye yatakuja majike, nayo utayajua kwa kiboga kidogo kama gololi kilicho chini ya ua. Maua hayo hufunguka alfajiri na kufumba kabla ya adhuhuri, na nyuki ndiye apelekaye unga kutoka dume hadi jike. Mjukuu wangu, aliyekuwa akiwakimbia nyuki, alianza kukaa kimya asubuhi akiwangojea kama wageni.

4. Kungoja

Siku ya tatu baada ya kupanda kunde nilimkuta mjukuu amechuchumaa, anafukua. "Babu, nataka kuona kama zimeamka." Alikuwa amezitoa tatu. Moja ilikuwa imevimba tu. Nyingine ilikuwa imepasuka na kutoa mzizi mweupe.

Zamani ningepiga kelele. Safari hii nilichuchumaa naye. Tukaona kwamba mzizi hutangulia chini kabla jani halijaja juu. Akauliza, "Kwa nini haanzi na kichwa?" Nikamjibu kwamba nyumba huanza na msingi. Kisha tukakubaliana: mbegu moja tuiweke katika kopo la kioo lenye kitambaa kibichi, hiyo aitazame kila saa apendapo. Zile nyingine tuziache katika giza lake.

Siku ile nilikumbuka mfano wa Bwana Yesu katika Marko 4:26-29, habari za mkulima aliyepanda, kisha akaendelea na siku zake, na mbegu ikafanya kazi yake bila yeye kufahamu namna yake. Nimeusikia mfano huo tangu utoto wangu. Lakini sikuuelewa vizuri mpaka nilipomwona mtoto akifukua. Nilitambua kwamba mimi pia nilikuwa mfukuaji. Mwanangu nilimfukua kila siku kutazama kama ameota, na kumnyosha kabla hajashika mzizi.

5. Bustani huharibika

Usimwahidi mtoto kwamba kila kitu kitastawi. Kwetu kuku waliingia wakachakura nusu ya mchicha. Wadudu mafuta waliijaa kunde. Tuliwasugua kwa vidole na kunyunyiza maji ya sabuni kidogo, na mashina mengine yalipona, mengine hayakupona. Mjukuu alilia kwa ajili ya mchicha. Bibi yake alitaka kununua fungu sokoni alichomeke pale ili kumfurahisha. Nilimwomba asifanye hivyo. Tulipanda tena, na mtoto mwenyewe akaziba tundu la uzio kwa miiba. Kazi ya kuziba tundu hakuifundishwa na mtu, bali na kuku.

6. Mambo ya kuangalia

Furaha isitusahaulishe hatari.
- Ndoo, pipa au kisima visiachwe wazi. Mtoto mdogo aweza kuzama katika maji machache sana.
- Dawa za kuua wadudu zisiwekwe po pote mtoto anapofika, wala makopo yake yasitumiwe kwa maji au chakula. Bustani ndogo haihitaji dawa hizo.
- Mpe jembe fupi au kijiti, si panga.
- Avae viatu, na anawe mikono kwa sabuni kabla ya kula, kwa sababu ya minyoo.
- Angalia kadi yake ya kliniki, kama amekamilisha chanjo, pamoja na ya pepopunda.
- Maji yaliyosuuzia vyombo au mboga, yasiyo na sabuni nyingi, yanafaa kumwagilia. Mwagilieni asubuhi au jioni.

7. Sahani ya kwanza

Mama wengi hulalamika kwamba watoto hawapendi mboga za majani. Mtoto aliyeichuma mwenyewe ana neno jingine. Wiki ya nne mjukuu alileta mchicha wake jikoni, konzi mbili tu, akasimama pale hadi ulipoiva. Ulipopakuliwa alimgawia kila mtu kijiko kimoja, akitukodolea macho mpaka tumeze.

Mchicha, majani ya kunde na ya maboga yana vitamini A kwa wingi, ambayo hulinda macho na kuusaidia mwili kupigana na maradhi. Mtoto anayeikosa sana aweza kupata upofu wa usiku. Pikeni kwa mafuta kidogo au karanga, maana vitamini hiyo huingia mwilini vizuri zaidi pamoja na mafuta. Wala msizichemshe mpaka zikapoteza rangi.

8. Boga na mnada

Boga lilikuja moja tu. Sikukuu ya Mavuno ilipofika, mtoto alisema anataka kulipeleka kanisani. Wiki hiyo baba yake alikuwa amekuja likizo. Kabla hajavua viatu, binti yake alimshika mkono akamvuta nyuma ya nyumba. Alimwonyesha mahali pa mchicha, tundu la kuku, na shina la boga. Alisema, "Baba, huu mstari niliupanda mimi. Umepinda, lakini Babu alisema uache."

Mwanangu hakusema neno. Alinitazama kitambo kirefu. Kisha akachuchumaa, akaanza kung'oa magugu.

Jumapili, baada ya ibada, mnada ulipofika kwenye lile boga, mzee mmoja alitaja bei. Mwanangu akapandisha. Mzee akapandisha. Watu walicheka, maana halikuwa boga kubwa. Mwisho mwanangu alilinunua kwa fedha ambayo sokoni ingenunua maboga kumi, akalibeba mwenyewe hadi nyumbani. Tulilila jioni ile. Mbegu zake ziliwekwa juani, na aliporudi mjini alichukua nusu. Ana ua mdogo tu wa nyumba ya kupanga. Alisema panatosha mkeka mmoja.

Wapendwa, sikuandika haya ili nijisifu kwa mjukuu, bali ili mzazi kijana asingoje mpaka awe babu ndipo ajifunze. Kipande cha ardhi kipo. Kama ua ni wa saruji, debe kuukuu lililotobolewa chini litafaa.

Maswali ya kujadiliana nyumbani au katika kikundi

1. Wewe ulipokuwa mtoto, jembe ulilijua kama kazi, kama adhabu, au kama furaha? Nani alikufundisha hivyo?
2. Je, mtoto wako ana kitu nyumbani ambacho ni chake kweli kukitunza?
3. Ni mara ngapi tunanyosha kazi ya mtoto mbele ya macho yake? Tungeweza kufanya nini badala yake?
4. Bustani ya mtoto ikiharibika, tumfariji kwa kumnunulia nyingine, au kwa kuanza tena pamoja naye?

Kazi ya kufanya: Kabla ya somo lijalo, pima pamoja na mtoto kipande chenye ukubwa wa mkeka. Pandeni kunde kumi. Kisha mwache yeye ahesabu ngapi zimeota.