Rufani ya Kitabu Kilichochukiwa



Katika kurasa hizi za Kiswahili tumezoea kusoma hadithi, mashairi na habari za mashindano ya mabweni. Leo naleta somo juu ya jambo ambalo kila mmoja wetu hulitenda, wala hakuna afundishwaye namna ya kulitenda. Jambo lenyewe ni kuhukumu. Mtu akifungua kitabu, akasoma kurasa kumi, kisha akakifunga na kusema, "Kibaya hiki," amekwisha kuwa hakimu. Akitazama mchezo wa kuigiza na kuondoka kabla ya mwisho, amehukumu. Akikaa kwenye bao, akafungwa mara mbili, akainuka akisema kwamba mchezo huo ni wa wazee wasio na kazi, amehukumu vile vile.

Sisemi kwamba ni vibaya kuhukumu. Vitabu ni vingi na maisha ni mafupi. Asiyechagua hatasoma hata kimoja vizuri. Lakini mahakama za haki zina mlango wa pili, nao huitwa rufani. Aliyeshindwa hupata kusikilizwa tena. Hata hivyo rufani haishindi kwa sababu mtu amekasirika tu. Yampasa aonyeshe kwamba sheria haikufuatwa, au kwamba ushahidi fulani haukusikilizwa. Nataka tufanye hivyo hivyo kwa vitabu, michezo na maonyesho tusiyoyapenda. Nimefundisha Kiswahili hapa Uganda kwa miaka mingi, na nimeona kwamba sababu za kukubali rufani ni nne. Tuzitazame moja moja.

Sababu ya kwanza: hakimu hakuijua sheria.

Wengi wenu mmekua mkiona wazee wakicheza mweso. Ubao una mashimo 32, safu nne za mashimo manane manane, na kete ni 64. Sasa mwanafunzi ajuaye mweso huletewa bao la Waswahili. Akilitazama aona mashimo 32 na kete 64, naye hudhani kwamba ni mchezo ule ule. Baada ya muda mfupi huanza kulalamika: "Mbona mwenzangu ana kete mkononi? Mbona nalazimishwa kula? Mbona kete nilizokula naambiwa nizianzie pembeni? Mchezo huu hauna mpango!"

Mpango upo, ila si ule aliokuja nao. Katika mweso kete zote huwa ubaoni tangu mwanzo. Katika bao kila mchezaji huanza na kete 10 ubaoni na 22 mkononi, naye huziingiza moja moja. Huko ndiko kunamua. Zikiisha za mkononi, mchezo hugeuka na kuwa wa mtaji. Katika mweso huwezi kula mpaka mashimo yote mawili ya adui yaliyo mbele yako yawe na kete, nawe huzichukua zote. Katika bao huliwa za safu ya mbele peke yake, na huanza kuzipanda kutoka kichwani. Tena kuna shimo liitwalo nyumba, lenye heshima na kanuni zake. Basi aliyekaa kwenye bao akiwa na sheria za mweso ni kama hakimu wa nchi moja aliyetumwa kuhukumu katika nchi nyingine. Hukumu yake yaweza kuwa ya bidii sana, lakini si halali.

Dawa yake ni nyepesi. Mtafute ajuaye, cheza naye mara tatu, na kila mara mwulize sababu ya jambo moja tu. Kuuliza si ujinga. Baada ya hapo ukisema hupendi bao, nitakuamini, maana sasa utakuwa unalisema bao lenyewe. Hata michezo ya simu na ya televisheni, ambayo vijana huifuta baada ya dakika kumi, mara nyingi imekosa kosa hili moja tu, la kutoeleweka sheria yake.

Sababu ya pili: kitu kililetwa kwa namna isiyo yake.

Hapa nitawachukua mbali kidogo, mpaka Urusi. Mwandishi Anton Chekhov alitunga mchezo wa kuigiza uitwao Shakwe, yaani yule ndege wa pwani. Ulionyeshwa mara ya kwanza mwaka 1896 katika mji wa St Petersburg. Usiku ule ulikuwa umewekwa kwa heshima ya mwigizaji mmoja mwanamke aliyesifika kwa kuchekesha, na watu wengi walikuja kwa ajili ya kucheka. Tena waigizaji walikuwa wamepata siku chache tu za mazoezi. Watazamaji walipoona mchezo wa watu wenye huzuni, waongeao polepole, walizomea. Chekhov aliondoka mjini akisema hataandika tena kwa ajili ya jukwaa.

Mwaka 1898 jumba jipya la michezo lilianzishwa huko Moscow. Mmoja wa waanzilishi wake, Nemirovich-Danchenko, alimbembeleza Chekhov akubali mchezo ule uonyeshwe tena. Safari hii mazoezi yalikuwa mengi, waigizaji walijifunza kusema kwa sauti ya watu wa kawaida, na ukimya wenyewe ukapewa nafasi yake. Mchezo ulishangiliwa sana, hata picha ya shakwe ikafanywa alama ya jumba lile. Hadithi na watu wake ni wale wale waliozomewa miaka miwili kabla. Lililobadilika ni namna ya kuuleta na tarajio la waliokuja.

Je, somo hili latufikia sisi? Latufikia sana. Tamthilia ya Ebrahim Hussein iitwayo Kinjeketile, iliyotolewa mwaka 1969 juu ya vita vya Maji Maji, husomwa na wanafunzi wakiwa wameinama juu ya madawati, mmoja akisoma sehemu za watu wote kwa sauti moja. Kisha husema ni kavu. Kitu kilichotungwa kwa ajili ya miguu, mikono na koo za watu kimesomwa kama orodha ya bidhaa za duka! Simameni, gawaneni sehemu, mmoja awe Kinjeketile, wengine wawe watu wanaongojea maji. Ndipo mtoe hukumu.

Kadhalika wako wanaochoshwa na Shakespeare kwa sababu ya Kiingereza chake cha zamani. Mwalimu Julius Nyerere alitafsiri mchezo wa Julius Caesar kwa Kiswahili, ukatolewa mwaka 1963. Kisha akaurudia na kuusahihisha, ukatoka tena mwaka 1969 kwa jina la Juliasi Kaizari. Hata mfasiri, aliyekuwa pia kiongozi wa nchi, aliona kazi yake yenyewe yastahili kutazamwa mara ya pili. Aliyeshindwa na mlango mmoja na ajaribu mwingine.

Sababu ya tatu: wakati wa msomaji haukuwa umefika.

Wanafunzi wa madarasa ya chini huniambia juu ya Kusadikika cha Shaaban Robert: "Mwalimu, humu watu wanahutubia tu. Hakuna vita, hakuna safari za hatari." Mimi siwagombezi. Nchi ielea angani, mtu mmoja aitwaye Karama yuko kizimbani kwa shtaka la kutaka kufundisha elimu ya sheria, na muda mrefu wapita katika maneno ya mahakamani. Kwa mtoto wa miaka kumi na mitatu maneno hayo yaweza kuwa mazito kama gunia la mahindi mabichi.

Lakini ngojeni mtoto yule akue kidogo. Siku moja ataadhibiwa kwa kosa asilolitenda, wala hataulizwa neno. Au atachaguliwa kuwa kiranja, aone jinsi ilivyo vigumu kumsikiliza mtu usiyempenda. Tena atajifunza katika historia kwamba kitabu kile kilitolewa mwaka 1951, Tanganyika ikiwa chini ya utawala wa Waingereza. Ndipo akirudi kwa Karama ataona kwamba zile hotuba ndizo vita yenyewe. Karama asimulia habari za wajumbe sita waliotumwa pande sita kutafuta mambo ya kuifaa nchi, na waliporudi walilipwa mateso. Nimewaona wanafunzi wa mwaka wa tano wakibishana juu ya kesi hiyo mpaka kengele ya chakula ikapigwa wasiisikie.

Kitabu hakikubadilika hata herufi moja; aliyebadilika ni msomaji. Na wakati mwingine ni ulimwengu mzima uliokuwa haujawa tayari. Herman Melville wa Marekani alitoa kitabu chake kikubwa juu ya nyangumi, Moby-Dick, mwaka 1851. Wasomaji wengi hawakukijali. Alifariki mwaka 1891 akiwa karibu amesahauliwa, na kitabu chake kilianza kupewa heshima kubwa miaka ya 1920. Leo huhesabiwa miongoni mwa vitabu vikuu vya nchi ile. Kama hakuna mtu ambaye angerudi kukifungua, kingeoza rafuni.

Sababu ya nne: chuki ilikuwa ya kuazima.

Hii ndiyo nzito kuliko zote, nami nitaisema wazi kwa kuwa yaihusu sehemu hii ya gazeti letu. Wako wanafunzi wanaoingia darasa la Kiswahili wakiwa wamekwisha kukichukia kabla ya kujua kuhesabu mpaka kumi. Ukiwauliza sababu, husema, "Nyumbani wanasema ni lugha ya askari na wezi." Wazee wetu wana sababu zao. Wengi walisikia Kiswahili kwanza kutoka kwa mwenye bunduki, hasa katika miaka ya utawala wa Amin, 1971 hadi 1979, na hofu ya namna hiyo haidharauliwi. Nao wamelipia hukumu yao kwa mambo waliyoyaona kwa macho yao.

Lakini wewe uliyezaliwa baadaye umeiazima tu. Wahenga walisema, kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Mambo nayo yamebadilika: mwaka 2005 Katiba ya Uganda ilirekebishwa, Kiswahili kikatajwa kuwa lugha rasmi ya pili, na mwaka 2022 Baraza la Mawaziri liliagiza kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na za sekondari. Lakini sikuombi ukipende kwa sababu ya amri. Nakuomba ukisome hata kitabu kimoja kwa macho yako mwenyewe, kisha useme neno lako. Ukikipenda, umepata mali. Ukikichukia, angalau chuki hiyo itakuwa yako. Ni vivyo hivyo kwa kitabu ambacho rafiki amekitukana bwenini, na kwa mwandishi ambaye darasa zima humcheka kwa kuwa aliyeanza kumcheka ana nguvu.

Namna ya kusikiliza rufani.

Kusoma tena kwa namna ile ile, saa ile ile ya usingizi, na uso ule ule uliokunjwa, hakuitwi rufani, ni adhabu. Kwa hiyo shikeni mambo haya. Kwanza, andika kwa sentensi moja kilichokuchukiza. Asiyeweza kukisema huenda hakukijua. Pili, badili jambo moja: muda, mahali, lugha, sauti au mwenzako wa kusoma naye. Tatu, mtafute mtu anayekipenda kitu hicho, umwombe akuonyeshe ukurasa mmoja tu, au mchezo mmoja tu. Nne, weka mpaka kabla ya kuanza: kurasa 40, au michezo mitatu, au tendo la kwanza zima. Ukifika mpakani, hukumu.

Na rufani yaweza kukataliwa. Mimi mwenyewe nimeupa mchezo wa kriketi nafasi ya pili. Nilikaa na mtu aujuaye, akanieleza habari za mipira sita sita na za mlinda vijiti, nikauelewa, na bado haunifurahishi. Lakini sasa naweza kusema ni nini kisichonipendeza: ni kule kungoja kwingi. Tena nawaheshimu waupendao, maana nimeona ustadi wao. Hiyo nayo ni faida. Na baada ya rufani hakuna haja ya kusumbuka mara ya kumi. Kila mtu ana ulimi wake.

Ndugu zangu, katika mwaka mmoja au miwili mtaondoka shuleni. Watu wengi hubeba hukumu walizozitoa wakiwa na miaka kumi na mitano mpaka uzeeni, wala hawafungui tena kile walichokifunga. Hivyo maktaba yao hupungua kila mwaka bila kuibiwa na mtu. Ninyi msiache hivyo. Mlango wa pili uko wazi, na ufunguo wake ni nyakati chache za jioni.

Maswali ya kujizoeza:

1. Taja kitabu, mchezo au onyesho usilolipenda. Ni sababu ipi kati ya nne inayoweza kulipa rufani? Kama hakuna, eleza kwa nini.
2. Eleza tofauti tatu za mweso na bao. Kwa nini ajuaye mmoja huchoshwa upesi na mwingine?
3. Gawaneni sehemu za mashtaka na utetezi katika Kusadikika, msome kwa sauti darasani. Kisha kila mtu aandike hukumu yake kwa mistari kumi.
4. Waulize wazee wawili wa nyumbani walikisikia Kiswahili kwanza kwa nani na kwa hali gani. Andika majibu yao kwa adabu, bila kuwabishia.