Stakabadhi Ziko Winguni, Ufunguo Uko kwa Nani?

Mfanyabiashara anapoomba leseni mtandaoni, nakala ya kitambulisho chake haibaki kwenye simu. Husafiri hadi kwenye kompyuta kubwa ziitwazo seva, zilizo ndani ya jengo lenye ulinzi, umeme wa akiba na mitambo ya kupoza joto. Huko ndiko kunakoitwa winguni, ingawa hakuna kilichopaa angani. Wingu ni kompyuta za mtu mwingine zinazokodishwa na kufikiwa kwa intaneti.

Ofisi nyingi zimehamia huko. Zamani kila ofisi ilinunua seva yake na kuajiri wa kuitunza. Mashine ikiungua, kumbukumbu zilipotea nayo. Sasa hulipia nafasi inayotumia tu. Waundaji wa programu nao hurekebisha kasoro mahali pamoja, na watumiaji wote wakapata toleo jipya.

Hata hivyo, wingu halina faida pasipo njia ya kulifikia. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya mbili za chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilikatika, na intaneti ikazorota Kenya na nchi jirani. Mwezi Julai 2023 mfumo wa eCitizen ulishambuliwa kwa kumiminiwa maombi bandia kupita uwezo wake, na wananchi wakakosa huduma. Kwa hiyo nakala ya leseni iliyochapishwa bado ina kazi yake.

Lakini hatari iliyo karibu zaidi na mkazi iko kwenye saiba ya mtaani. Mtu hufika bila anwani ya barua pepe. Mhudumu humfungulia moja, akaweka neno la siri analolijua yeye, pamoja na namba yake mwenyewe ya simu ili kazi iende haraka. Mwaka ukiisha, leseni inahitaji kufanywa upya, na mhudumu amehama. Akaunti ipo na stakabadhi zimo, ila mwenyewe hawezi kuingia kwa sababu ujumbe wa kuthibitisha unakwenda kwenye simu nyingine. Si lazima mhudumu awe mwizi. Wengi husaidia kwa nia njema. Matokeo ni yale yale.

Anayefungua akaunti atumie namba yake mwenyewe, na neno la siri aliandike kwa mkono wake, hata kama anaandika polepole na foleni inanung'unika. Aliyefunguliwa akaunti zamani amtafute mhudumu angali yupo, wabadilishe namba na neno la siri pamoja. Kabla ya kuondoka saiba, atoke kwenye akaunti na kufuta nakala zilizobaki kwenye kompyuta. Akaunti za Google zisizotumiwa kwa miaka 2 zinaweza kufutwa na vyote vilivyomo, kwa hiyo ile ya leseni ifunguliwe mara kwa mara.

Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inampa mwananchi haki ya kujua taarifa zake zinatumiwaje, kuziona na kutaka zirekebishwe zikiwa na makosa. Anayeona taarifa zake zimetumiwa vibaya anaweza kulalamika kwa Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data.