Mashine ya Kupimia Lenzi za Miwani: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Unapopeleka miwani dukani au kliniki ya macho, mhudumu huiweka kwenye mashine ndogo ya mezani kisha huandika namba. Mashine hiyo huitwa lensomita, nayo ni ya aina mbili: ya mkono na ya kujiendesha.

Lensomita inapima nini hasa?
Inapima lenzi, haipimi jicho. Husoma nguvu ya lenzi kwa diopta, yaani kipimo cha uwezo wa lenzi kupinda mwanga. Lenzi ya diopta +2 hukusanya mwanga unaotoka mbali kwenye umbali wa sentimita 50. Husoma pia silinda, ambayo ni nguvu inayorekebisha jicho lisilopinda sawa pande zote, pamoja na mhimili, yaani mwelekeo wa silinda hiyo kwa nyuzi.

Na ile niliyoegemeza kidevu?
Hiyo ni nyingine, huitwa otorefrakta, nayo hukadiria nguvu ya lenzi ambayo jicho lenyewe linahitaji. Baada yake mtaalamu bado anapaswa kukuuliza unaona vipi herufi, kwa kuwa makadirio ya mashine ni mwanzo tu wa kipimo.

Ya mkono na ya kujiendesha zinatofautianaje?
Kwa ile ya mkono, mpimaji huchungulia, huzungusha gurudumu hadi mistari ionekane wazi, kisha husoma namba iliyoandikwa kwenye gurudumu. Ya kujiendesha hupitisha miale kwenye lenzi, ikapima imehama kiasi gani, na namba hutokea kwenye kioo baada ya muda mfupi. Nyingine huzichapa kabisa.

Ipi ni sahihi zaidi?
Kwa lenzi za kawaida, zote mbili zinaaminika zikiwa mikononi mwa anayezijua. Baadhi ya mashine za kujiendesha huonyesha hata sehemu ya mia ya diopta, lakini lenzi nyingi huagizwa kwa hatua za 0.25, na kiwango cha kimataifa cha ISO 21987 huruhusu tofauti ya takriban 0.12 kwa lenzi zisizo kali sana. Wingi wa tarakimu kwenye kioo, basi, usikutishe wala usikuvutie.

Makosa mengi hutoka kwa mpimaji. Mashine ya mkono isiporekebishwa kwanza ifae jicho la anayechungulia, namba zote zitapotoka, na mpimaji mwingine akija atapata jibu lake tofauti. Ile ya kujiendesha nayo hudanganyika lenzi ikiwa chafu, au fremu ikikaa upande badala ya kingo zote mbili za chini kugusa meza. Hapo mhimili huharibika. Lenzi za progresivu, ambazo nguvu yake hubadilika kutoka juu kwenda chini, hupimwa katika sehemu maalumu za mbali na karibu. Mashine ya kujiendesha ikiwa haijawekwa kwenye hali ya lenzi hizo, inaweza kutoa namba isiyo na maana.

Duka lenye mashine ya mkono limepitwa na wakati?
Hapana. Mashine ya mkono ina sehemu chache za kuharibika na huhitaji taa ndogo tu, nyingine za betri, ndiyo maana hufaa katika kambi za macho vijijini.

Maduka mawili yamenipa namba tofauti. Nani amekosea?
Huenda hakuna. Lenzi ya +1.00 yenye silinda −0.50 kwenye mhimili 90 ni ileile ya +0.50 yenye silinda +0.50 kwenye mhimili 180. Ni namna mbili za kuandika. Mwombe mtaalamu azigeuze mbele yako kabla hujadai fidia.

Nimesikia mwanga wa mashine huharibu lenzi.
Hofu hiyo inaeleweka, lakini mwanga huo ni hafifu na haudhuru lenzi. Nukta za wino zinazowekwa kuonyesha kitovu cha lenzi hufutika. Kinachokwaruza ni vumbi linalosuguliwa kwa kitambaa kikavu.

Je, miwani yenye namba isiyo sahihi hupofusha?
Kwa mtu mzima, huleta ukungu, kichwa kuuma au kizunguzungu, lakini haimpofushi. Kwa mtoto mdogo tuwe makini zaidi: jicho lisilopata taswira safi linaweza kushindwa kukuza uwezo wake wa kuona.

Naweza kutengenezewa mipya kwa kupima ya zamani tu?
Lenzi ikivunjika hivi karibuni, inawezekana. Lakini miwani ya zamani inaeleza ulichokuwa ukivaa, haielezi macho yako leo, na haiwezi kugundua glaukoma, ugonjwa wa mshipa wa fahamu wa jicho ambao mara nyingi huanza bila maumivu.

Niombe nini ninapochukua miwani?
Omba ipimwe mbele yako na namba zilinganishwe na cheti chako cha vipimo vya macho, kisha upewe nakala. Uliza pia mashine ilihakikiwa lini kwa lenzi ya majaribio, yaani lenzi ambayo nguvu yake inajulikana. Ukiendelea kusumbuka baada ya siku chache, rudi na miwani pamoja na cheti. Nchini Tanzania, watoa huduma hizi husajiliwa na Baraza la Optometria, na si utovu wa adabu kuuliza usajili.

Ukipoteza uono ghafla, ukaumwa sana na jicho au ukaona vimulimuli na pazia jeusi, usipoteze muda dukani. Nenda hospitali siku hiyohiyo.