SOMO LETU: KIWANJA HAKIKIMBILII MSITUNI



Wengi wetu tunaikumbuka kodi ya maendeleo, ile tuliyozoea kuiita kodi ya kichwa. Ilirudishwa mwaka 1984, ikafutwa mwaka 2003. Mgambo wakionekana njiani, asiye na risiti alikimbilia msituni akarudi usiku. Kodi imefutwa, lakini mazoea yamebaki. Tukisikia neno kodi, tunajificha.

Leo tunasoma habari za kodi nyingine. Hii haimfuati mtu, inakaa juu ya kiwanja. Na kiwanja hakikimbilii msituni.

Kodi hii ni ipi?

Wako wenzetu wanaoishi vijijini lakini wana viwanja katika miji kama Mafinga, Ilula, Uyole au Tukuyu. Kiwanja kilichopimwa na chenye hati hulipiwa kodi ya pango la ardhi kila mwaka. Ndivyo inavyosema Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999. Kwa nini pango? Kwa sababu ardhi yote ya Tanzania ni mali ya umma, na Rais ndiye mdhamini wake kwa niaba yetu. Sisi tunapewa haki ya kuitumia. Mashamba ya kijijini yana sheria yake, hatuyazungumzii leo.

Barua za darini

Tumfikirie mama mmoja mjane wa Mafinga. Marehemu mume wake aliacha kiwanja chenye hati. Barua zilikuwa zikija, naye akizichomeka darini bila kuzisoma. Baada ya matanga shemeji yake akamwambia:

"Shemeji, wewe si umehitimu kisomo? Hebu shusha hizo karatasi uzisome."

Mama akasoma polepole, kidole kikifuata mstari. Akanyamaza.

"Zinasemaje?"

"Shemeji, tunadaiwa kodi ya miaka 5. Na kuna riba."

Hesabu ya deni

Tuseme kodi ya kiwanja hicho ni shs 30,000 kwa mwaka. Anayechelewa huongezewa asilimia 1 kwa kila mwezi. Asilimia 1 ya 30,000 ni shs 300. Kwa miezi 12 ni shs 3,600. Ni kidogo, siyo? Lakini kila mwaka kodi mpya inaingia, na ile ya zamani inaendelea kuzaa.

Kodi ya miaka 5: shs 150,000.
Riba: kodi ya kwanza imezaa miaka 5, ya pili miaka 4, kisha 3, 2 na 1. Jumla ni miaka 15. Zidisha 3,600 kwa 15, unapata shs 54,000.
Deni lote: shs 204,000.

Huu ni mfano wetu wa kujifunzia. Hesabu kamili ya kiwanja chako utaipata ofisi ya ardhi.

Usipolipa, itakuwaje?

Kwanza utaletewa ilani yenye idadi ya siku za kulipa. Siku hizo zikipita, unaweza kushtakiwa kwenye Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Baraza likiamua, mali inaweza kukamatwa na kuuzwa. Hata miliki yenyewe inaweza kufutwa. Tena, huwezi kuhamisha jina la kiwanja kikiwa na deni. Yule mama akitaka hati isomeke kwa jina lake, deni la marehemu litamsubiri mlangoni.

Tufanye nini?

1. Tusome kila barua siku inapofika.
2. Twende ofisi ya ardhi ya halmashauri na hati mkononi, tuulize deni ni kiasi gani.
3. Kama deni ni kubwa, tuombe kulipa kidogo kidogo, na makubaliano yaandikwe.
4. Tuombe namba ya malipo, tulipe benki au kwa simu. Tusimpe mtu fedha mkononi.
5. Tutunze risiti pamoja na hati.

Tusingoje msamaha. Mwaka 2022 Serikali ilisamehe riba kwa waliolipa kodi yenyewe, lakini muda wake ulikwisha mwaka 2023.

Na kodi ya majengo?

Hii ni kodi ya nyumba. Tangu mwaka 2021 hukatwa tunaponunua umeme wa LUKU. Julai 2023 ilipanda kutoka shs 1,000 hadi shs 1,500 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida. Usiponunua umeme miezi 3, siku ya kununua utakatwa shs 4,500 kwa mara moja. Usishangae ukipata uniti chache. Ni deni linalipwa.

Basi ndugu, leo jioni tuangalie darini. Kama ipo barua, tuishushe tuisome. Kisomo ndiyo kazi yake.

Maswali ya kujadili

1. Kwa nini kujificha hakusaidii katika kodi ya kiwanja?
2. Kodi ni shs 20,000 kwa mwaka. Ukichelewa miezi 6, riba ni kiasi gani?
3. Nyumbani kwako, nani anajua hati na risiti zinakaa wapi? Je, mwenzako anajua?