Simu Ngumu Inalinda Kioo, PIN Inalinda Pesa Zako

Ukipita Upper Hill asubuhi, kuanzia steji ya Community hadi karibu na Hospitali ya Kenyatta, utaziona. Fundi wa mjengo ana simu nene yenye raba kwenye kona. Mwendesha boda ameifunga yake kwenye usukani. Soja wa geti anatembea na ile ya betri kubwa, inayomaliza zamu ya usiku bila chaji. Ni nzito mfukoni, lakini ikianguka kwenye zege unaiokota, unaipangusa na kuendelea na kazi.

Wateja wetu wengi wanapenda simu hizi, na tunaelewa kwa nini. Pesa ya kubadilisha kioo ni pesa ya chakula cha wiki. Ila tunasikia sana maneno haya: "Simu yangu haivunjiki, pesa yangu iko salama." Hayo ni mambo mawili tofauti. Somo la leo linahusu tofauti hiyo.

Ngumu kiasi gani?

Tazama boksi la simu. Ukiona herufi IP na nambari mbili, nambari ya kwanza ni ya vumbi na ya pili ni ya maji. Sita ndiyo alama ya juu kabisa kwa vumbi. IP67 ina maana vumbi haliingii, na simu inaweza kukaa ndani ya maji ya kina cha mita moja kwa dakika 30.

Lakini majaribio hayo hufanywa kwa simu mpya na maji safi. Sabuni, maji moto na supu ya kibandani hayamo. Kile kifuniko kidogo cha tundu la chaji ukikiacha wazi, maji yanaingia kama kwa simu nyingine yoyote. Na fundi akishaifungua simu, ule mpira wa ndani unaozuia maji huenda usikae tena vile ulivyokuwa. Kwa hivyo usiioshe chini ya bomba kwa sababu tu jirani huosha yake.

Kabla ya kulipa, bonyeza *#06#. Itatokea nambari ya IMEI yenye tarakimu 15. Ilinganishe na iliyo kwenye boksi. Zisipofanana, rudisha simu na ushike pesa zako. Wakenya wengi wanakumbuka mwaka 2012, simu feki zilipozimwa kwenye mitandao yote nchini. Aliyenunua bila kuangalia ndiye aliyeumia.

Kidole chenye simiti, skrini yenye maji

Hapa ndipo pesa hupotea. Mikono ya mjengo huisha alama za vidole kwa sababu ya simiti na mchanga, kwa hivyo simu inakataa kufunguka kwa kidole. Wengi huchoka na kuondoa ulinzi wote. Usifanye hivyo. Weka nambari ya siri ya kufungua simu, na isiwe sawa na PIN ya pesa.

Skrini nayo ikiwa na matone ya mvua, inaweza kusoma tone kama kidole. Tuseme ni tarehe tano, mvua ya Aprili inanyesha, uko chini ya mabati na landlord anangoja kodi. Unataka kutuma 6,500. Nambari moja ya simu inaruka, hujaona, unaweka PIN haraka ili urudi kazini. Kodi imeenda kwa mtu usiyemjua.

Dawa yake ni rahisi:

1. Pangusa skrini na kidole kwanza. Shati likilowa, tumia upande wa ndani.
2. Soma jina la anayepokea na kiasi kabla ya kuweka PIN. Jina likiwa geni, futa uanze upya.
3. Skrini ikikusumbua kabisa, ngoja. Dakika tano za kungoja ni afadhali kuliko mwezi wa kutafuta kodi nyingine.

Na ikishatokea, usianze kuvutana na aliyepokea. Wasiliana na huduma kwa wateja mara moja, ukiwa na ule ujumbe wa muamala. Tukijua mapema, kuna nafasi ya kusaidia. Aliyepokea akishatoa pesa kwa wakala, kurudisha kunakuwa kugumu sana.

Simu inadumu, programu inazeeka

Simu ngumu inaweza kukaa nawe miaka mingi. Lakini nyingi za bei nafuu hupata masasisho machache ya usalama, na baada ya muda hukoma. Ingia kwenye mipangilio uangalie tarehe ya sasisho la mwisho. Kama ni ya zamani sana, usipakue programu kutoka kwa linki za WhatsApp, na usimpe mtu simu yako akuwekee "programu ya mkopo".

Ikipotea, fanya hivi

Simu ngumu pia huibiwa, tena ikiwa nzima. Kumbuka akaunti yako iko kwenye laini, haiko kwenye raba wala chuma. Omba simu ya mtu unayemwamini, pigia huduma kwa wateja laini ifungwe. Kisha piga ripoti kituo cha polisi upate nambari ya OB, halafu nenda dukani na kitambulisho urudishiwe laini yako. Salio linabaki lako.

Ili mwizi asihamishe tu laini kwenye simu nyingine, weka pia PIN ya laini yenyewe kwenye mipangilio. Ukikosea mara tatu itadai PUK, kwa hivyo iandike PUK na uiweke nyumbani.

Kazi ya leo

Kabla hujalala, fanya mambo matatu: andika IMEI yako kwenye karatasi, hakikisha PIN ya pesa si mwaka wako wa kuzaliwa, na uhifadhi nambari ya huduma kwa wateja kwenye simu ya mtu wa nyumbani.

Na kama kawaida, hatutawahi kukupigia kuuliza PIN yako. Akiuliza mtu, hata akijua jina lako lote, kata simu.